Kiboko wa Mtaa wa India

Nyumba yangu ya Maisaka, Babati, ilipokwisha kupigwa rangi, ukuta mmoja wa sebuleni ulibaki mtupu, nao ukaninyima raha. Ni ule unaotazamana na mlango. Mgeni akivua viatu na kuinua uso, ndio anaouona kwanza. Katika maduka ya Babati mjini picha nyingi zimechapwa kiwandani juu ya plastiki au karatasi ngumu: maporomoko ya maji, nyumba iliyofunikwa na theluji, bakuli lenye matunda ambayo hapa kwetu hatuyajui. Maporomoko yaleyale nimeyaona kwa jirani wa kushoto, kwa jirani wa kulia, na kwenye saluni ninakosukia. Sikuyachukia. Nilitaka tu picha iliyochorwa kwa mkono, na mwenye mkono huo nimwone, nimwulize kwa nini alichora hiki akaacha kile.

Desemba tulipovunja kikoba nilitenga shilingi laki mbili za picha, mbali na nauli na malazi. Mama aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao ni mbuzi wawili." Nikamwambia mbuzi nitanunua mwaka ujao. Hakubishana. Ila asubuhi ya safari alinitilia khanga yake moja mkobani. "Kama ni kitu cha thamani hivyo, utakifunika kwa nini huko njiani?"

Pwani nilikuwa sijafika. Nimezaliwa Babati, nikasomea ualimu Singida, nikarudi kufundisha Babati. Bahari niliijua kwenye ramani ninayoitundika ubaoni. Basi liliondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia, ukungu umelilalia, na mitumbwi miwili mitatu imekwisha kuyaacha matete. Viboko walikuwa wamerudi majini zamani. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Babati tunamjua kiboko kwa nyayo kuliko kwa sura. Hutoka usiku, akapita malishoni na mara nyingine kwenye mahindi ya watu, na alfajiri kila alipokanyaga pamejaa maji.

Kutoka Babati hadi Dodoma ni kilomita 251, lami tupu siku hizi. Ukishaipita Bonga unapanda vilima vya Bereko, unaingia nchi ya Warangi, na kabla hujafika mji wa Kondoa unapita Kolo. Hapo nilimwomba mama aliyekaa dirishani anipishe kidogo nichungulie. Ukiwa barabarani huoni kitu isipokuwa mawe na miti. Lakini huko juu, kwenye mapango ya mawe hayo na ya vilima vinavyofuatana nayo, kuna picha za kale za rangi nyekundu: twiga, tembo, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya mviringo kama wamevaa vilemba. Mary Leakey alifanya kazi huko mwaka 1951 akizinakili, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Warangi wa pale hawakungoja orodha hiyo. Hadi leo wapo wanaokwenda kutambika kwenye baadhi ya mapango.

Niliwahi kuwapeleka Kolo wanafunzi wangu wa darasa la sita. Tulipokuwa tumesimama chini ya jiwe, mmoja akauliza, "Mwalimu, waliochora hizi walimuuzia nani?" Nilimjibu kwamba hazikuuzwa. Waliwajua wale wanyama kwa kuwawinda, wakawachorea wenzao ambao nao waliwajua. Jibu lilimtosha yeye. Mimi swali lilibaki kichwani, na siku hiyo ndani ya basi lilirudi na kukaa karibu nami hadi Bagamoyo.

Dodoma nililala kwa rafiki niliyesoma naye, na kesho yake nikapanda treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria wa Dodoma mwaka 2024. Ilikwenda kasi, nami nikalala.

Dar es Salaam nilipokewa na dada, binti wa mama mkubwa. Mchana uleule akanipeleka Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, karibu na Morogoro Stores, walipo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga. Jina hilo nilikuwa nimelifundisha darasani kama mtindo wa uchoraji, bila kulifikiria kama jina la mtu aliyekula, akalala na kutafuta riziki. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya bodi ngumu za dari, akitumia rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo watu hupakia baiskeli. Vitu alivyotumia vilikuwa vinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Picha alizianika nje, hapohapo Morogoro Stores, na wanunuzi walikuwa hasa wageni waliokaa Oysterbay. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amewafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu na jamaa zake. Hao ndio walioendelea, na mwaka 1990 kazi yao ikawa chama cha ushirika.

Nilifurahi mno pale. Harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla ya watu, na wachoraji wamekaa chini, turubai zimelazwa mapajani au zimeegemezwa ukutani, kila mmoja na vikopo vyake. Nilikuwa nimekuja na wazo kwamba picha halisi haina pacha. Hapo niliona simba yuleyule, kwa mkao uleule, amechorwa na watu watatu. Nikasikia kama nimedanganywa. Ndipo kijana mmoja akaniweka simba wawili sambamba na kunitaka nitazame ndevu tu, si simba mzima. Wa kwanza, ndevu zilikuwa mistari mirefu isiyotetereka. Wa pili zilikuwa nukta, nyingi hata huwezi kuzihesabu. "Huyu ni mimi," akasema, "na yule ni mjomba." Kwao mfano ni wa wote, kama ngoma ambayo kila mpigaji anaijua, lakini mkono ni wa mtu. Akanionyesha pia namna ya kuitambua picha iliyochapwa kwa mashine: iinamishe kwenye mwanga, utaona kama rangi ina matuta, igeuze, utaona rangi ilipopenya kitambaa, pitisha kidole juu ya jicho la mnyama. Picha iliyochapwa ni laini kila mahali.

Bei hazikunitisha. Zilikuwepo ndogo za elfu ishirini na tano, kubwa kidogo za elfu themanini, na zile za ukuta mzima ambazo sikuuliza. Ningeweza kununua siku hiyo nikarudi. Nilizunguka mara mbili, na kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyosikia kwamba kila picha ilikuwa inazungumza na mtu aliyesimama nyuma yangu. Simba, duma, tembo, Mlima Kilimanjaro. Tena tembo, Mlima Kilimanjaro. Wamechorwa kwa ustadi unaomstahili mwalimu wao. Lakini nilitafuta mahali pa kuingilia sikupaona. Dada akasema, "Wanachora anachotaka mnunuzi. Wewe umewahi kununua?"

Sikuwa nimewahi. Wala yeye, anayeishi dakika ishirini kutoka pale.

Siku iliyofuata nilichukua basi la Bagamoyo kituo cha Makumbusho. Ni mwendo wa kilomita kama sabini kuelekea kaskazini. Bahari niliiona mwisho wa mtaa, katikati ya nyumba mbili za mawe, ikiwa imesimama wima kama ukuta wa buluu, na nikahisi machozi. Sijui niseme nini zaidi kuhusu bahari. Niliitazama mpaka muuza kahawa akaniuliza kama kuna mtu ninamsubiri.

Nilianza vibaya. Katika hoteli moja ya ufukweni kulikuwa na chumba cha picha kimepangwa vizuri, taa zimeelekezwa ukutani. Nikaulizia picha moja ya majahazi, na mhudumu akaniambia kwa sauti ya upole, "Dada, hizi ni za wageni." Bei iliyoandikwa ilikuwa laki moja na elfu themanini. Hakunitukana, na ninaamini alidhani ananisaidia. Lakini niliondoka na maneno yale yamenikaa shingoni. Mimi ni nani basi, nikajiuliza. Nimetoka mkoa wa Manyara kwa siku tatu, na sijawa mgeni?

Mtaa wa India ndio mtaa wa kale wa Bagamoyo, wenye milango ya kuchongwa na nyumba zilizoachwa na wafanyabiashara, nyingine zimebaki kuta tu. Kando yake kuna vyumba vya wachoraji na wachongaji, vingine ni kibaraza na mlango mmoja. Niliingia kimoja kwa sababu mlangoni palikuwa na picha ndogo ya majahazi, ndugu kabisa na ile ya hotelini. Ndani alikaa mzee wa miaka kama sitini, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Watoka wapi?"

"Babati."

"Babati!" Akaweka brashi chini. "Tangu nikae hapa sijampata mteja wa Babati. Kwani ni kwenu huko, au wafanya kazi?"

Picha ya majahazi ilikuwa elfu sitini, na ilikuwa mkono wake, ileile ya hotelini. Alinieleza bila chuki. Mwenye duka ana kodi, ana taa, ana mtumishi. Anapandisha bei, na yeye mchoraji anapata kilekile. Kwao ni Tunduru. Alikuja pwani akiwa kijana, kwa mjomba aliyekuwa anachora. Kuta za chumba chake zilijaa, na kwenye kona, nyuma ya twiga wawili, nikamwona kiboko. Alikuwa amesimama nchi kavu mchana kweupe, kinywa wazi, meno manne yametoka kama misumari, na nyuma yake Mlima Kilimanjaro.

"Mzee, samahani," nikasema. "Kiboko umewahi kumwona?"

Alicheka. "Kwenye kitabu. Na mjomba alimchora hivyo."

"Sisi tunaye. Yuko ziwani, nyuma ya nyumba za watu."

Akavuta kigoda karibu. "Haya, niambie."

Nikaanza kumweleza, na nilivyokuwa ninaeleza niligundua kwamba sijawahi kuulizwa. Nilimwambia mchana hasimami hivyo. Mchana yumo majini, na unachoona ni masikio, macho na pua, vyote vimekaa kwenye mstari mmoja juu ya maji kama vitu vitatu visivyohusiana. Mgongo ukitokeza jua likichwea, rangi yake si kijivu, ni ya ini. Pembeni ya macho na masikio pana wekundu kama wa mtoto mchanga. Nilimwambia kuhusu yangeyange wanaosimama juu yake kama wamesimama jiweni. Kuhusu njia anayopitia kwenye majani, yenye mifereji miwili na katikati ukingo wa majani usiokanyagwa, kwa kuwa miguu yake imeachana. Kuhusu wakulima wanaolala shambani na madebe ya kupiga ili asiingie kwenye mahindi, na wavuvi ambao kabla ya kusukuma mtumbwi hutulia kwanza wasikilize pumzi yake. Kuhusu Mlima Kwaraa, ambao hauna theluji, una msitu na wingu.

Mzee hakuandika kitu. Aliuliza mambo matatu tu: masikio yanachezacheza? Matete ni marefu kuliko mtu? Wingu la Kwaraa linakaa kileleni au kiunoni? Kisha akanyamaza, akaiangalia ile picha yake ya zamani, akaigeuza uso ukutani.

"Nitakuchorea," akasema. "Lakini rangi hii haitaki haraka. Utakaa siku tatu?"

Tukazungumza bei. Kwa ukubwa wa sentimita themanini kwa sitini alitaka laki moja na ishirini. Nimezoea mnadani kutaja nusu ya bei niliyotajiwa, na nusu hiyo ilikuwa imefika kwenye ulimi. Kabla sijaitamka alinihesabia: mbao za fremu, kitambaa cha marekani, misumari, makopo matano ya rangi, kodi ya chumba. "Kinachobaki ndizo siku tatu za mkono wangu." Nilitoa laki moja na kumi, akakubali, na hata sasa ninajuta ile elfu kumi.

Nilipanga gesti ya elfu kumi na tano na kila asubuhi nikaenda kukaa kibarazani kwake. Siku ya kwanza alipaka mandhari tu, anga la rangi ya chungwa likishuka taratibu hadi kuwa zambarau ya maji, akaiacha ikauke usiku kucha. Ukiweka mnyama kabla mandhari haijakauka, rangi zinaingiliana na kazi imekufa. Siku ya pili alimweka kiboko. Siku ya tatu alichora matete kwa brashi aliyoipunguza nywele kwa wembe hadi zikabaki chache sana, na ndipo nilipoona kwa macho yangu alichonionyesha yule kijana wa Oysterbay: mstari mmoja, pumzi imezuiwa, kisha mwingine.

Jioni ngoma zilisikika kutoka upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza Bagamoyo mwaka 1981. Mzee alikuwa na hadithi za wachoraji wengi, lakini aliyemtaja kwa heshima kubwa hakuwa wa mtindo wake. Alimtaja Sam Ntiro, Mchaga aliyesomea Makerere, aliyechora kwao: migomba, mashamba, watu kazini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960, kabla hatujapata uhuru. "Unaona," mzee akasema, "yeye hakuwachorea simba. Aliwachorea pombe ya kwao, nao wakaitaka." Akakoroga kopo kidogo. "Ila alisoma. Alikuwa na mshahara. Mimi nikichora mnachokijua ninyi, ninyi msiponunua, nitakula nini?"

Sikumjibu. Ndilo swali la mwanafunzi wangu wa Kolo, limeulizwa kutoka upande wa pili. Ninayafikiria maduka yale ya wageni bila hasira sasa. Kama picha za nchi yetu zimejaa wanyama ambao mchoraji hakuwahi kuwaona, wamesimama chini ya mlima alioupata kwa mjomba, sababu mojawapo ni sisi tusioingia mlangoni. Tunapita. Tunadhani bei ni ya dola, tunadhani tutaulizwa tumefuata nini, kisha tunakwenda kununua maporomoko ya maji ya kiwandani ambayo nayo hayatolewi bure.

Kati ya picha ndogo zilizoegemea ukuta nilichagua moja ya elfu thelathini, mbuzi chini ya mti, kwa ajili ya mama.

Kiboko hangeweza kukunjwa. Rangi ya siku moja ukiikunja inapasuka au inashikana, kwa hiyo alibaki kwenye fremu yake. Mzee aliweka karatasi ngumu za maboksi mbele na nyuma, akaacha nafasi zisiguse rangi, na juu yake nikafunga khanga ya mama. Kwenye basi la Dodoma kwenda Babati utingo alitaka kuiweka kwenye buti, nikakataa. Nilikaa nayo magotini kilomita zote 251, na abiria wa kando yangu, kijana wa Kondoa, akaishika upande wake kila basi lilipokata kona. Kolo tulipita jua likiwa juu ya mawe. Alipouliza ni nini nimebeba nikamwambia ni picha, akanyoosha kidole dirishani, akasema, "Kama zile?"

Mama aliwahesabu mbuzi wake. "Watatu," akasema, akaenda kuwatundika jikoni anakopikia, mahali ambapo mimi nisingewaweka kwa sababu ya moshi, lakini ni wake.

Kiboko yuko ukutani. Juma la kwanza alikuja jirani yetu mvuvi kuleta perege, akavua viatu, akainua uso. Hakusema ni picha nzuri. Alisogea, akainama akayafuata matete kwa kidole bila kuyagusa, kutoka kushoto kwenda kulia, hadi kwenye yale masikio mawili.

"Huyu anakusikia," akasema. "Akiweka masikio hivi, usisukume mtumbwi."

Kisha akaliona jina pembeni, chini, akalisoma herufi kwa herufi. Akauliza huyo mtu anaishi Babati upande gani. Nilipomwambia ni Bagamoyo, na hajawahi kuliona ziwa letu, alikaa chini kwenye kochi na ndoo yake ya samaki miguuni.

"Na mtumbwi wangu," akauliza, "anaweza kuuchora bila kuuona?"

Nikachukua simu nikampigia mzee.